Kona Inayoitwa Kwa Feza

Jina langu nililisikia kwenye kilio cha Byamungu, pale Kasenga, likitoka kwenye vinywa vya watu wasionijua. Nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake wenzangu, mgongo ukinisumbua, sahani ya bugali na majani ya sombe magotini. Nyuma yetu, chini ya turubai, waendesha pikipiki, au moto kama wanavyoziita, walikuwa wamekusanyika, maana marehemu ndiye aliyewafundisha wengi wao kazi. Hao hawajui kulia. Wakifiwa, wanabishana habari za njia mpaka machozi yapite. Mmoja alikuwa analalamika kwamba tairi za siku hizi zimekuwa karatasi tupu. Mwenzake akamkatiza: "Shida haiko mupira, shida ni weye. Unapanda Bijombo na upepo ya kwendea Luberizi! Mupira nguvu kama jiwe, kisha unashangaa moto inakulalisha mu matope?" Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo. "Fika Kwa Feza, zima moto, punguza upepo, kisha upande. Muzee hakukufundisha?" Nikarudisha tonge sahanini. Feza ni mimi.

Nikamwinamia mwanamke aliyekaa karibu nami, nikamuuliza Kwa Feza ni wapi. "Ni kule kwenye kona, mama, mlima ukishaanza," akasema. "Ni jina tu la pahali. Wanasema zamani kulikuwa koko mmoja pale, alikuwa anauza pombe." Koko, yaani bibi kizee, anayeuza pombe! Mimi, mjane wa mwalimu, ambaye hata kasiksi, pombe ya ndizi ya harusini, naionja kwa ncha ya ulimi! Siku nyingine ningempa maneno yake, lakini kilioni mtu anameza. Na kona yenyewe niliijua. Niliijua kuliko wote waliokuwa chini ya lile turubai, ingawa sikuwahi kuikanyaga hata siku moja. Kwa sababu ya kona ile nilimkataa Byamungu, wakati sisi wawili tulikuwa vijana na watu wa njiani walishaanza kutuita bibi na bwana. Sasa yeye alikuwa amelala ndani ya sanduku, na kona ina jina langu. Sikujua nani ameipa.

Nitasimulia mwaka ule tu. Nilizaliwa wapi, na nani, tulikuwa wangapi kwenye sinia, hayo waulizeni wengine. Inatosha mjue kwamba nilikuwa nimemaliza shule, na Mama Mukubwa, dada yake mama, akaniita nikae naye kwenye nyumba yake mguuni pa mlima, pale barabara ya kutoka Uvira inapochoka ikawa njia. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vifupi vya ngozi, meza yenye kitambaa cha kufuma, na redio aliyoifunika khanga kama mtoto mchanga. Chumba cha nyuma tulilala sisi wawili. Jiko lilikuwa nje, kuta zake za matete, na kupitia matete yale ulisikia kila neno la watu waliopumzika njiani na mizigo yao ya mihogo. Wao hawakukuona, nawe hukuwaona. Mambo mengi ya dunia niliyajua kupitia ukuta ule, mengine ya kweli na mengine ya uongo, na hakuna aliyekuwa ananichambulia.

Nyuma ya mlango wa mbele ilisimama pompi ya kujazia mipira upepo. Marehemu mume wa Mama Mukubwa alikuwa fundi wa baiskeli, na kitu pekee cha kazi yake ambacho ndugu zake hawakukibeba ni pompi ile, kwa sababu Mama Mukubwa aliikalia. Kabisa, aliikalia, na khanga yake ikiifunika, mpaka wakaondoka. Ilikuwa ya chuma, ndefu, mshikio wake wa mti uking'aa kwa mikono ya miaka, na ile ngozi ya ndani tuliipaka mawese isikauke. Alinifundisha kama alivyofundishwa na mumewe: bonyeza mpira kwa dole gumba, dole likizama, ni aibu. Baiskeli inayobeba magunia ya makaa inataka mpira mgumu, na kwetu mpira ulikuwa mpira. Watu wa njia waliomba upepo nasi tuliwapa. Mama Mukubwa alipenda kusema kwamba kutoka kwake hakuna aliyeondoka ananesanesa.

Byamungu na Kashindi walikuwa watu wa chanjo. Walipandisha sanduku la barafu lenye chupa ndogondogo za dawa mpaka Bijombo, juu mlimani, kwa watoto wa wafugaji, na juma lingine walizunguka bondeni, Luberizi na mashamba yake ya mpunga. Pikipiki zao zilikuwa za aina ile ndefu inayotengenezwa kwa barabara na kwa pori pia: kiti juu kama farasi, bomba la moshi limeinuliwa lisinywe maji ya mito. Mama Mukubwa aliwaona mara ya kwanza wanapita, akatoka mbio na mwiko mkononi. "Nyinyi! Mnapita kwangu na tumbo wazi, kesho watu waseme nini?" Tangu hapo kila safari ya mlimani ilianzia kwenye meza yetu, ndagala za kukaanga na pilipili, bugali ya muhogo inayovutika, na siku za neema samaki mukeke mmoja mzima ambaye Kashindi alimla mpaka macho. Kashindi alikuwa mtu wa maneno mengi. Byamungu alikuwa na sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kuosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo Mama Mukubwa alilikataza kwa kelele, kisha akalisifia kwa majirani wote.

Siku moja nilikuwa nachambua maharagwe pale mezani, nao wakaanza ugomvi wao wa tairi. Byamungu alinyoosha mkono akachukua maharagwe yangu, bila kuomba, akayapanga juu ya kitambaa. Alipanga kwanza kwa kuyaachanisha. "Hii ni mupira ya mlima. Meno iko mbalimbali. Matope inapata pa kupitia, mupira inajisafisha yenyewe." Kisha akayasogeza yakakaribiana. "Hii ni ya bonde. Mu njia kavu inatembea muzuri, hailike mbio. Lakini ukiipeleka mlimani, udongo unajaza hapa katikati, unabaki na mupira laini kama chupa." Nikamuuliza wao wanaotembea kote kuwili wanafanyaje. Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Kashindi aliweka meno makubwa nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kunakosukuma. Byamungu aliyaweka mbele. "Ju ya nini mbele?" nikamuuliza. Akanitazama, akatabasamu. "Nyuma ikiteleza, unacheka. Mbele ikiteleza, unalia." Kashindi akasema huo ni uoga wa kizee, Byamungu akasema ni yeye aliyebeba dawa za watoto wa watu, na mimi nikayakusanya maharagwe yangu nikiwa nimeamua, moyoni, kwamba tairi ni jambo linalonihusu.

Alinieleza hayo yote, na mengine zaidi baadaye: jinsi mpira mpya unavyoteleza kabla haujakwaruzwa na njia, jinsi ya kutazama ubavu wa tairi uone nyufa, kwa nini jua la bondeni linaua mpira kabla ya meno kwisha. Alikuwa mwalimu mzuri. Leo najikalia peke yangu na kuyarudia masomo yake, ndipo naona kuna somo moja aliliruka. Upepo. Kiasi gani cha upepo, mahali gani, kwa nini. Neno hilo hakuligusa, na mimi sikuona kwamba hakuligusa.

Hakuligusa kwa sababu yangu. Kwetu mgeni haondoki na kitu kilichojaa nusu. Kikapu alicholetea mahindi hakirudi kitupu, chupa yake ya chai inajazwa mpaka kizibo kigome kuingia. Basi siku moja walipokuwa wanakula nikapita karibu na pikipiki ya Byamungu, nikabonyeza tairi kwa dole gumba. Dole likazama. Nikabonyeza na ya nyuma, vilevile. Niliona aibu, jamani, kana kwamba nimemkuta na shati limechanika. Nikaivuta pompi kutoka nyuma ya mlango, nikapiga, nikapiga, jasho likanitoka mpaka kiunoni, mpaka mpira ukagoma dole kabisa. Walipotoka, Byamungu akaona pompi imesimama pale na mimi nahema. Akaibonyeza tairi. Akamtazama Kashindi. Kashindi alifungua kinywa, na Byamungu akamkanyaga mguu. Hilo niliona kwa macho yangu mawili, nikadhani ni utani wao. "Aksanti sana, Feza," akasema. "Iko nguvu kweli." Kashindi, akisugua mguu, akaniuliza kama dada yake: "Na yangu, yaya?" Nikamjibu: "Yako, uko na mikono." Mama Mukubwa akacheka ndani mpaka tukamsikia.

Ikawa kazi yangu. Yeye anakula, mimi napiga pompi. Alipanda mlima na mipira migumu kama nilivyotaka, na aliposhuka baada ya siku chache, mipira ilikuwa imelegea. Kila mara. Mara ya kwanza nilishtuka, nikasema shambreri, mpira wa ndani, imetoboka, tuizamishe kwenye beseni la maji tuone povu. Byamungu akatikisa kichwa kwa uso mkavu kabisa. "Hapana, haikutoboka. Mlima huu unakula upepo." Nami nikaamini! Nikawaeleza wanawake wa mtoni kwamba kule juu baridi ni kali, mlima unakula upepo wa mipira. Wengine waliamini. Mama Mukubwa aliamini kuliko wote, akaongeza na yake, kwamba marehemu mumewe pia aliwahi kusema hivyo. Na nikapiga pompi kwa bidii zaidi, ili mlima ule ushibe na bado umbakizie kidogo. Hakuwahi kuniambia ananipenda. Maneno ya namna hiyo hayakuwa mengi siku zile. Aliniambia: "Nikipanda, naona ni mikono yako inanisukuma." Neno hilo lilinitosha kwa mwezi mzima.

Nyumba ya Mama Mukubwa ilikuwa mahali pa kusikilizia. Pikipiki ikiondoka kwetu, uliisikia inaguna inapanda, inapita migomba, inakaribia kona ya kwanza ya mlima ambako njia inajificha. Halafu inanyamaza. Inanyamaza kabisa, muda mrefu kidogo, kisha inawaka tena na kuendelea mpaka sauti inapotea. Wakati Kashindi alipokuwa naye, zilinyamaza zote mbili, na sikuwaza kitu. Wanaume wawili wana mambo yao ya kusimamia kwenye kichaka. Katikati ya mwaka Kashindi akahamishiwa Luberizi moja kwa moja. Byamungu akawa anapanda peke yake. Na bado, kwenye kona, pikipiki ilinyamaza.

Siku hiyo nilikuwa jikoni, nasonga bugali. Wanawake wawili waliweka mizigo chini nje ya matete, wakajipangusa jasho. "Ule wa chanjo, uko unamuonaka?" mmoja akasema. "Anakula huku chini, akishiba anaenda kupumzikia kwa Nyota." Nyota alikuwa mshonaji, kijana, aliyeachana na bwana wake, na nyumba yake ilikuwa upande ule wa kona. Mwenzake akasema ni uongo. "Uongo? Minye niko mu shamba, niko nasikia kwa masikio yangu. Moto inanyamaza pale pale. Kila safari! Muntu anasimama pale anafanya nini?" Kisha yule wa pili, kwa sauti ya huruma iliyoanza kuwa kicheko: "Yoo! Na mutoto wa watu yuko anamupompia mupira!" Wakacheka wote wawili, wakatwikana mizigo, wakaenda. Bugali ikaungua chini. Mama Mukubwa aliuliza harufu ile ni ya nini, nikamwambia kuni ni mbichi.

Ningeuliza. Leo ni rahisi kusema hivyo. Lakini msichana ambaye hajaposwa atamuuliza mwanamume anasimama wapi kwa haki gani? Ukiuliza, umejitangaza. Basi sikuuliza; nikapiga pompi. Nilipiga kwa hasira sasa, kwa mabega, mpaka Mama Mukubwa akaniambia nitapasua mpira wa watu. Nilitaka apande haraka, apite pale bila kusimama. Na kadiri nilivyopiga kwa nguvu, ndivyo pikipiki ilivyonyamaza kwa muda mrefu zaidi kule kwenye kona. Nilisimama mlangoni na pompi mkononi, nasikiliza ule ukimya, natengeneza picha kichwani: sasa amevua kofia, sasa amepewa kiti, sasa Nyota anacheka. Ukimya ule nilikuwa naujaza mimi mwenyewe, naupompa kama mpira.

Wakati wa kiangazi wajomba wa Byamungu walikuja kuniposa. Walikuja asubuhi, watatu, viatu vimepigwa rangi, wakakalia vile viti vifupi magoti yakiwa kidevuni. Byamungu alikuwa nje na pikipiki yake, kwa sababu mchana alipaswa kupanda Bijombo, watoto walikuwa wanamngoja. Kwetu msichana haulizwi mbele za watu. Anaitwa alete maji ya kunawa. Akiyaleta yeye mwenyewe, na kuwamwagia wageni mikononi, amekubali, na hapo vigelegele vinaanza. Mama Mukubwa akaingia chumba cha nyuma, uso unawaka kwa furaha, sauti ya chini: "Feza, maji." Nikamwambia, "Mama Mukubwa, sina maji." Akafikiri sikusikia. "Birika liko pale, mwanangu." Nikasema tena kwamba sina. Alijaribu kunifungua kinywa, akaniuliza nimeona nini, nimesikia nini, nani ameniambia, nikakaza meno. Mwishowe alimwita jirani yetu, mama mtu mzima, ndiye aliyepeleka birika. Wajomba wakanawa. Walikula kwa heshima, wakashukuru, wakaondoka.

Byamungu alikuja mpaka mlangoni, akabaki nje. Aliiangalia pompi iliyosimama mahali pake. "Feza, leo haunipompii?" Niliusikia uchungu katika swali lile, msidhani sikuusikia. "Leo iko nguvu ya kutosha," nikamjibu, na hata sikuigusa tairi. Akavaa kofia yake, akaondoka. Nikatega sikio. Pikipiki ikapita migomba, ikafika kwenye kona, ikapita. Haikunyamaza. Ilipanda moja kwa moja mpaka sauti ikaisha juu kule. Nikamwambia Mama Mukubwa, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi: "Umesikia? Leo anaogopa kusimama. Anajua nimejua." Mama Mukubwa hakuelewa nasema nini, naye alikuwa analia.

Hakusimama kwetu tena. Miezi iliyobaki pikipiki ilipita tu, wala haikunyamaza kwenye kona, na mimi nilichukua hilo pia kama ushahidi: ameachana na Nyota. Kabla mwaka haujaisha Nyota akaolewa na mvuvi wa Kalundu, harusi kubwa, na watu walisema walikuwa wanangojana muda mrefu. Hapo kitu kilinichoma kidogo. Nikakifunika. Nami nikaolewa na Mwalimu, mtu mwema, Mungu amrehemu, na simsengenyi kwa ukurasa huu. Tuliishi vizuri, tukazaa, tukazika, tukakimbia vita na kurudi. Byamungu naye alioa kwa watu wa Luberizi. Tulionana sokoni mara kwa mara. Ananiita Mama Mwalimu, anaulizia watoto, nami naulizia wa kwake. Safari moja nilimkuta anachagua tairi, ameinama, anapitisha kidole katikati ya meno yake, na nikataka kumwambia kitu, kisha mtu akamwita.

Kilio kilipokwisha, nilimwendea Kashindi. Nywele zote nyeupe, meno ya mbele hayapo, lakini pikipiki bado anayo, ndefu vilevile. Nikamwomba anipeleke nikaone ilipokuwa nyumba ya Mama Mukubwa. "Panda, yaya," akasema, "lakini shikilia nguvu, si tumezeeka." Nyumba haipo tena. Kuna kipande cha ukuta na mpera uliojiotea. Nilisimama pale kidogo, nikatafuta mahali ambapo mlango ulikuwa, nikakosea, nikaacha. Nikamwambia anipandishe mpaka kwenye hiyo kona wanayoiita Kwa Feza. Akanitazama kwa mshangao, akawasha.

Tulipita migomba, tukazunguka kona, na Kashindi akazima pikipiki. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa ndani ya ule ukimya. Chini yetu ziwa lote, na ng'ambo nyumba za Bujumbura ziking'aa. Nilitafuta nyumba ya Nyota kwanza, ndiyo, hata katika umri huu. Pale hapakuwa na nyumba. Kashindi akanionyesha kwa kidevu: ilikuwa kule, ng'ambo ya kijito, mtu alipaswa kushuka na kupanda tena. Kisha akachuchumaa bila haraka, akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza kwa kijiti. Upepo ukatoka, ssss, mrefu, baridi, ukarusha vumbi kwenye viatu vyangu. Akasimama, akaipiga tairi kwa kisigino, akasikiliza, akaongeza kidogo.

"Ju ya nini hapa?" nikamuuliza. "Kule chini ni tambarare, ungetoa kule."

"Sasa unaniuliza minye?" Akacheka. "Hapa si ni kwako? Ule bwana alikuwa anaweka upepo ya mlima kule Kasenga kabisa, mbele ya kutoka. Mupira inakuwa laini, inalala mu matope, inauma. Siyo laini sana, ju ukigonga jiwe shambreri inakatika. Inataka kipimo. Anakipima muzuri. Tunafika kwenu, tunakula, tukitoka tunakuta umeijaza! Na mupira nguvu, mlima huu wa udongo, haupandi, yaya. Inazunguka pahali pamoja, unaanguka na chupa za dawa za watoto. Nikamwambia, mwambie huyu dada aache. Akasema, 'Amepiga na mikono yake. Minye nitatoa upepo mbele ya macho yake?' Basi tunakuja mpaka hapa, nyumba yenu haionekani. Anazima. Anatoa. Na kila mara anasema, 'Tumefika Kwa Feza.' Hata mwaka jana, na vijana wake, ni Kwa Feza tu. Hao hawajui ni nani."

Nikamuuliza kwa nini yeye, Kashindi, hakuniambia, miaka yote hii. Akakuna kidevu. "Nilizani unajua. Muntu anapanda na mupira nguvu, anashuka na mupira laini. Nilisema huyu dada ana akili, anajua upepo inaenda wapi."

"Mlima unakula upepo," nikasema. Akaanza kucheka, ndipo akauona uso wangu, akaacha.

Nilihesabu mambo yote pale pale, moja baada ya jingine, hayakunichukua muda. Nilivyopompa kwa hasira, na yeye akachelewa zaidi. Siku ya posa, mpira ambao sikuugusa, na pikipiki iliyopita bila kusimama, kwa kuwa hakukuwa na upepo wangu wa kutoa. Hakukuwa na kitu changu tena cha kuficha. Nikamkasirikia. Niseme ukweli, nilimkasirikia yeye aliyetoka kuzikwa, nikamwambia kwa sauti, Kashindi akisikia: "Byamungu, kinywa chako kilikuwa wapi? Neno moja tu! 'Feza, unaijaza sana.' Ningekasirika siku mbili, ya tatu ningekuletea maji." Kisha hasira ikaisha na kilichobaki nakijua mimi. Mtu alichuchumaa mahali hapa, safari baada ya safari, mgongo umeinama, akitoa jasho langu polepole ili nisione. Na mimi kule chini nimesimama mlangoni, nasikiliza, namchukia.

Kashindi akafunga kifuniko cha valvu, akapangusa mikono kwenye suruali. "Tupande, yaya, au turudi?" Nikamwambia angoje kidogo, asiwashe. Nikapiga magoti, kwa shida, nikishika kiti cha pikipiki, nikabonyeza tairi kwa dole gumba. Dole likazama. Nikaliacha pale.